Delhi hadi Tokyo: Uzi, Upepo na Saa

Miaka michache iliyopita niliombwa kutunga maswali ya mashindano ya hisabati kwa shule kadhaa za sekondari za mkoa mmoja. Swali la nne lilikuwa hili: Mji wa Delhi uko latitudo 28.6° Kaskazini na longitudo 77.2° Mashariki, mji wa Tokyo uko latitudo 35.7° Kaskazini na longitudo 139.7° Mashariki, je, ndege irukayo kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa itachukua muda gani kutoka mji wa kwanza hadi wa pili? Katika karatasi yangu ya masahihisho niliandika jibu: saa 7 na dakika 46.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika saa 6 na dakika 27. Hakuonyesha kanuni yoyote. Alieleza kwa sentensi mbili tu kwamba alichukua tufe la dunia la darasani, lenye kipenyo cha sentimita 30, akanyoosha uzi juu yake kutoka Delhi hadi Tokyo, kisha akaupima uzi kwa rula akapata sentimita 13.7. Kutokana na hapo alipata umbali wa kama kilomita 5,800. Nilipiga mstari mwekundu juu ya kazi hiyo nikampa sifuri, nikidhani kwamba mtu apimaye kwa uzi hawezi kumshinda apimaye kwa kalamu.

Baada ya majuma mawili nilipata barua kutoka kwa mwalimu wake. Ilikuwa barua ya adabu sana. Aliuliza tu uzi ule ulikosea wapi, kwani yeye mwenyewe ameurudia mara tatu na kila mara anapata jibu lilelile. Niliketi kuandika majibu, na kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza nikatambua kwamba uzi haukukosea. Aliyekosea ni mimi. Nilikiri kosa kwa barua, na alama za binti yule zikarekebishwa. Lakini zawadi zilikwisha kutolewa, na alama za swali la nne ndizo zilizokuwa zimempungukia. Naandika makala haya ili walimu na wanafunzi waone kosa lenyewe lilivyo, na kwa kuwa swali lile, likichunguzwa vizuri, lina mambo mengi kuliko nilivyodhani nilipolitunga.

Kosa la mtu wa Ikweta

Nilifanya hivi. Mzingo wa dunia ni karibu kilomita 40,030. Ukiugawa kwa nyuzi 360, kila digrii moja ni kilomita 111.2. Tofauti ya latitudo kati ya miji hii miwili ni digrii 7.1, yaani kilomita 789. Tofauti ya longitudo ni digrii 62.5, nami nikazizidisha kwa 111.2 vilevile nikapata kilomita 6,950. Kisha nikatumia kanuni ya Pythagoras kwa pembetatu mraba, na haipotenusi ikawa kilomita 6,995. Nilijua fika kwamba dunia si bapa. Nilijidanganya kwamba kosa litakuwa dogo, na kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu wapate walau nafasi ya kumtumia Pythagoras.

Kosa hilo si dogo. Mistari ya longitudo haiendi sambamba. Hukaribiana kadiri unavyoiacha Ikweta, na mwishowe hukutana kwenye ncha za dunia. Kwa hiyo digrii moja ya longitudo ni kilomita 111.2 kwenye Ikweta tu. Penginepo hapana budi kuizidisha kwa kosini ya latitudo ya mahali. Huko Delhi, kosini ya 28.6° ni 0.878, na digrii moja inakuwa kilomita 97.6. Huko Tokyo, kosini ya 35.7° ni 0.812, na digrii moja inakuwa kilomita 90.3. Mimi nililipia kila digrii kilomita 111 nzima, mfano wa mtu aliyenunua kitambaa kwa mita iliyo fupi.

Yafaa tujiulize kwa nini kosa hili huwapata kwa urahisi watu wa nchi zetu. Chukua Dar es Salaam na Kigoma. Tofauti ya longitudo ni karibu digrii 9.7, na ya latitudo karibu 1.9. Ukihesabu ovyo kama nilivyofanya mimi, utapata kilomita 1,099. Ukihesabu kwa kuitia kosini, utapata kilomita 1,094. Kilomita tano tu! Sisi tunaishi mahali ambapo kosini ya latitudo inakaribia moja, na kanuni mbovu hutoa majibu mazuri. Mwalimu anaweza kuitumia miaka ishirini katika ramani za Afrika Mashariki asigundue lolote. Ukiihamishia Asia, inakosea kwa kilomita zaidi ya 1,100.

Hesabu iliyo sahihi

Uzi ulionyooshwa juu ya tufe hutafuta wenyewe njia iliyo fupi kuliko zote. Njia hiyo ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni duara kuu. Kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Lakini mistari mingine ya latitudo si maduara makuu, na ndiyo maana kuifuata si kufuata njia fupi.

Kwa kalamu, umbali wa duara kuu hupatikana kwanza kama pembe. Tuiite pembe iliyoko kwenye kitovu cha dunia, kati ya mstari uendao Delhi na mstari uendao Tokyo, kwa herufi d. Basi:

kosini d = (sini 28.6° × sini 35.7°) + (kosini 28.6° × kosini 35.7° × kosini 62.5°)

Katika jedwali tunapata: 0.4787 × 0.5835 = 0.2793, na 0.8780 × 0.8121 × 0.4617 = 0.3292. Jumla yake ni 0.6085. Pembe ambayo kosini yake ni 0.6085 ni 52.5° hivi. Tukiizidisha kwa 111.2 tunapata karibu kilomita 5,840.

Sasa turudi kwenye uzi. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94.2, kwa hiyo sentimita moja ya uzi ni kilomita 425 za dunia. Zidisha 13.7 kwa 425: utapata 5,822. Binti yule alikosea kwa kilomita 18 katika 5,840; mimi, pamoja na shahada zangu, nilikosea kwa 1,155. Kasi ikiwa kilomita 900 kwa saa, muda sahihi ni saa 6 na dakika 29. Yeye aliandika dakika 27.

Jambo jingine ambalo uzi huonyesha, na ramani ya ukutani huficha, ni njia yenyewe ilivyo. Mwanafunzi akitazama ramani bapa ataona Tokyo iko mashariki ya Delhi na kaskazini kidogo, atapiga mstari kwa rula na kuona umepita katikati ya China. Uzi hausemi hivyo. Unaondoka Delhi ukielekea nyuzi 65 kutoka kaskazini, unaikata Himalaya karibu na mahali India na Nepal zinapopakana upande wa magharibi, unaingia Tibet, unapita juu ya jimbo la Qinghai, kisha unafika rasi ya Shandong kwenye latitudo ya 37.2°. Hapo uko kaskazini zaidi ya Tokyo yenyewe! Tangu hapo unaanza kuteremka kusini, unapita kusini kidogo ya Seoul, unavuka bahari iliyoko kati ya Korea na Japani, na unaingia Tokyo ukielekea mashariki na kusini. Mwalimu mwenye tufe na uzi anaweza kulionyesha jambo hili kwa dakika mbili. Asiye na tufe anaweza kutumia mpira wa miguu, chokaa na subira.

Kwa nini ndege haiufuati uzi

Mpaka hapa tumejibu swali la jiometria. Lakini swali langu lilitaja ndege, na ndege ina abiria ndani yake.

Ndege za abiria za masafa marefu huruka kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12. Huko hewa ni nyembamba kiasi kwamba mtu hupoteza fahamu katika muda usiozidi dakika moja au mbili. Kwa sababu hiyo chumba cha abiria hufungwa na kujazwa hewa kwa kanieneo. Ikitokea kanieneo hiyo ikapotea, barakoa za oksijeni huanguka kutoka juu ya viti, na rubani huishusha ndege upesi mpaka kimo cha kama kilomita 3, ambako watu wanaweza kupumua bila msaada. Oksijeni ya abiria katika ndege nyingi hutosha kwa dakika 12 hadi 20 na kitu tu. Si kwa safari, bali kwa mteremko.

Sasa tazama uzi unapopita. Uwanda wa juu wa Tibet una kimo cha wastani cha mita zaidi ya 4,500, na milima iliyouzunguka huzidi hapo kwa mbali. Rubani aliye juu ya Tibet hawezi kuteremka kwenye kilomita 3, kwa maana kwenye kilomita 3 kuna mwamba. Angelazimika kubaki juu mpaka auvuke uwanda wote, na ndege ikienda kilomita 15 kwa dakika huo si mwendo wa dakika 20. Kadhalika ndege yenye injini mbili ikipoteza moja hulazimika kushuka taratibu hadi kimo ambacho injini iliyobaki yaweza kukimudu, na kimo hicho kisiwe chini ya vilele. Zipo njia chache zinazoukata uwanda ule, na ndege zinazoruhusiwa kuzitumia hubeba oksijeni ya ziada na kufuata mipango maalumu ya dharura. Lakini njia zilizozoeleka kati ya kaskazini ya India na Asia ya Mashariki huizunguka Himalaya kwa upande wa kusini-mashariki: hupita juu ya Bangladesh na Myanmar, kisha Yunnan, ndipo zikaelekea Japani.

Mzunguko huo unagharimu nini? Tuuhesabu kwa vipande viwili vya duara kuu, Delhi hadi Kunming na Kunming hadi Tokyo. Kipande cha kwanza ni karibu kilomita 2,557, cha pili karibu 3,718, jumla 6,275. Tumeongeza kilomita 435, yaani karibu nusu saa ya mafuta, ili abiria wawe na mahali pa kuteremkia. Mimi naiona bei hiyo kuwa ndogo.

Marubani wa zamani waliyajua maeneo haya kwa njia ya uchungu. Katika vita vya pili vya dunia, kuanzia 1942 hadi 1945, ndege za Marekani na za China zilibeba shehena kutoka viwanja vya Assam, India, hadi Kunming, kwa kuwa barabara ya Burma ilikuwa imekatwa na majeshi ya Japani. Zilivuka ncha ya mashariki ya Himalaya, mahali walipopaita "Nundu". Zilifikisha takriban tani 650,000, na zaidi ya ndege 500 zilipotea, nyingi kwa sababu ya hali ya hewa, barafu na pepo ambazo hakuna aliyezitabiri.

Mto wa upepo

Mabaharia wetu wa pwani hawakupima safari ya Muscat kwa maili. Waliipima kwa kusi na kaskazi: jahazi lililoikosa kusi lilingoja, hata kama bandari ilikuwa ileile na bahari ileile. Wahandisi wa ndege walichelewa kidogo kujifunza somo hilo, kwa kuwa ndege za kwanza ziliruka chini, na upepo mkubwa uko juu.

Aliyeupima kwanza kwa utaratibu alikuwa Mjapani, Wasaburo Ooishi, mkuu wa kituo cha kuchunguza hewa ya juu huko Tateno, kaskazini-mashariki ya Tokyo. Katika miaka ya 1920 alirusha baluni ndogo, akazifuata kwa theodolaiti, na kutokana na pembe alizosoma akahesabu kasi ya upepo katika kila kimo. Alikuta kwamba majira ya baridi, kwenye kimo cha kilomita tisa hivi, upepo kutoka magharibi ulizidi kasi ya magari ya moshi ya siku zile kwa mbali. Ripoti yake ya 1926 aliiandika kwa Kiesperanto, akitumaini kwamba lugha ile iliyoundwa iwe ya watu wote ingewafikia wataalamu wa mataifa yote. Wachache mno waliisoma. (Mimi niandikaye sayansi kwa Kiswahili humfikiria mzee huyu mara nyingi, ingawa tofauti ni kwamba Kiswahili kina wenyewe.) Novemba 1944, ndege kubwa za Marekani zilipokuja juu ya Tokyo kwenye kimo cha kilomita tisa, marubani wake walishangaa kukuta upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, uliovuruga shabaha zao zote. Habari ile ilikuwa imechapishwa miaka 18 kabla.

Upepo huo leo huitwa mkondo wa jeti. Chanzo chake ni tofauti ya joto. Kaskazini, juu ya Siberia, hewa ya majira ya baridi ni baridi kupita kiasi. Kusini, juu ya bahari za tropiki, ni ya joto. Hewa ya joto hutanuka na kuwa nene, kwa hiyo kwenye kimo cha kilomita 10 kanieneo ya upande wa kusini huizidi ya kaskazini. Hewa huanza kusukumwa kuelekea kaskazini, lakini kwa kuwa dunia yazunguka, hupindishwa kuume, na mwishowe hukimbia kuelekea mashariki. Kadiri tofauti ya joto inavyokuwa kubwa, ndivyo mkondo unavyokuwa mkali. Na juu ya Japani mwezi wa Januari na Februari uko miongoni mwa mikondo mikali kuliko yote duniani. Majira ya baridi mkondo huo hupita kusini ya Himalaya, juu ya kaskazini ya India, mahali hasa palipo na njia yetu. Majira ya joto hulegea na kuhamia kaskazini ya Tibet, na kuhama kwake huenda pamoja na kuingia kwa mvua za monsuni katika India.

Tuhesabu sasa. Tuchukue njia ya kilomita 6,300. Kasi ya ndege katika hewa tuiache ile ile, kilomita 900 kwa saa. (Kasi hiyo haikuchaguliwa ovyo: kwenye baridi ya karibu nyuzi 55 chini ya sifuri, sauti husafiri kilomita 1,065 hivi kwa saa, na ndege hizi hutengenezwa ziende karibu asilimia 84 ya mwendo wa sauti.) Upepo wa magharibi wa wastani katika njia nzima tuseme ni kilomita 120 kwa saa. Kwenda Tokyo, kasi juu ya ardhi ni 1,020, na muda ni saa 6 na dakika 11. Kurudi Delhi, kasi juu ya ardhi ni 780, na muda ni saa 8 na dakika 5. Ndege ni moja, rubani ni mmoja, njia ni moja. Tofauti ni saa 1 na dakika 54.

Niliyaona haya kwa macho yangu nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari nchini India, niliposafiri mwezi wa Januari kwenda kwenye semina Tokyo. Ubao mdogo ulio mbele ya kiti ulionyesha kasi juu ya ardhi ya kilomita 1,060 wakati wa kwenda, na 730 wakati wa kurudi. Jirani yangu alidhani kwamba injini ya kurudi ilikuwa mbovu.

Hapa pana swali ambalo napenda kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza: je, faida ya kwenda na hasara ya kurudi hazifutani? Wengi hujibu kwamba hufutana. Bila upepo, kwenda na kurudi ni kilomita 12,600 kwa kasi ya 900, yaani saa 14 kamili. Kwa upepo wetu, saa 6 na dakika 11 pamoja na saa 8 na dakika 5 ni saa 14 na dakika 16, au dakika 15 ukiondoa makosa ya kukadiria. Hazifutani. Sababu yake ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo wa mbisho kuliko katika upepo wa tezi. Adui hupewa saa nane, rafiki sita. Kanuni yake ni T = 2DV ÷ (V² − W²), ambapo D ni umbali wa upande mmoja, V kasi ya ndege katika hewa na W kasi ya upepo. Mwanafunzi ajaribu W ya 200: atapata saa 5 na dakika 44 za kwenda, saa 9 kamili za kurudi, na hasara ya dakika 44 hivi. Upepo haukuongezeka hata mara mbili, lakini hasara imekaribia kuwa mara tatu, kwani hasara hufuata mraba wa upepo.

Kabla ya kuuacha upepo, niondoe dhana moja ambayo huletwa karibu kila mwaka. Husemwa kwamba, kwa kuwa dunia yazunguka kuelekea mashariki, ndege iendayo magharibi ingefaidika, maana mji uiendeao unakuja kuilaki. Lau ingekuwa hivyo, tungepata kituko. Kwenye latitudo ya 30° ardhi huenda mashariki kwa karibu kilomita 1,450 kwa saa. Ndege ya kilomita 900 ingeifukuza Tokyo milele isiifikie. Ukweli ni kwamba ndege, uwanja na hewa yote huzunguka pamoja na dunia tangu kabla ya kuruka. Ndege hupima mwendo wake katika hewa, na kitu pekee kinachoweza kuiongeza au kuipunguza ni mwendo wa hewa hiyo juu ya ardhi.

Saa ya ukutani na saa ya safari

Limebaki jambo la ratiba, ambalo limewakosesha watu wengi ndege na mikutano. Chukua ratiba hii niliyoitunga kwa ajili ya somo: ndege yaondoka Delhi saa 20:00 na kufika Tokyo saa 07:00 siku ya pili, hurudi kwa kuondoka Tokyo saa 11:00 na kufika Delhi saa 17:00 siku hiyohiyo. Mwanafunzi asiye mwangalifu atatoa na kupata saa 11 za kwenda na saa 6 za kurudi, na ataapa kwamba upepo huvuma kutoka mashariki. Ni kinyume kabisa. Saa za Japani zimetangulia saa za India kwa saa 3 na nusu. Wakati wa kwenda tunaitoa tofauti hiyo: 11 kutoa 3½ ni saa 7½. Wakati wa kurudi tunaijumlisha: 6 na 3½ ni saa 9½. Muda wa ratiba hujumlisha pia kutembea uwanjani, kupaa na kungojea zamu ya kutua, kwa hiyo ni mrefu kuliko hesabu yetu ya upepo.

Tofauti hiyo ya saa 3 na nusu imetoka wapi? Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Digrii 62.5 ni dakika 250, yaani saa 4 na dakika 10. Hiyo ndiyo tofauti ya jua. Lakini saa za ukutani hazilifuati jua la kila mji. Tangu 1888 Japani nzima hufuata longitudo ya 135° Mashariki, ipitayo mji wa Akashi. Na tangu 1906 India hufuata longitudo ya 82.5°, ndiyo maana ina ile nusu saa inayowasumbua wageni. Delhi iko digrii 5.3 magharibi ya mstari wake, hivyo jua lake huchelewa dakika 21 nyuma ya saa. Tokyo iko digrii 4.7 mashariki ya mstari wake, hivyo jua lake hutangulia dakika 19. Jumlisha dakika 40 hizo na saa 3 na nusu: unapata saa 4 na dakika 10, na hesabu imefunga.

Lugha yetu yaongeza ugumu wake. Neno saa kwetu ni chombo, ni wakati, tena ni muda. Wanafunzi husema "masaa saba" wakikusudia muda, na walimu wa lugha huwakemea. Mimi, kwa siri, huwahurumia, kwani wanatafuta tofauti ambayo hesabu inaihitaji. Isitoshe, sisi twahesabu saa kuanzia macheo, ilhali ratiba za ndege huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ndege ya saa 20:00 kwetu ni ya saa mbili usiku. Nashauri darasani kila wakati uandikwe kwa mtindo wa saa 24, na kila muda utanguliwe na neno "muda wa".

Japani, hata hivyo, imetupa zawadi moja. Saa zake zimetangulia saa za Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili, na saa 6 ndiyo tofauti ya Kiswahili na saa ya ukutani. Kwa hiyo tunaposema Dar es Salaam au Nairobi kwamba ni saa moja asubuhi, saa ya mishale iliyoko ukutani Tokyo inaonyesha moja. Tukisema saa tano, inaonyesha tano. Mwanafunzi anayetaka kujua mishale ya Tokyo imekaaje sasa hivi hana haja ya kutoa wala kujumlisha. Aitamke saa yake kwa Kiswahili, akikumbuka tu kwamba asubuhi yetu ni mchana wao.

Maswali ya kufanyia kazi

1. Riyadh iko 24.7° Kaskazini na 46.7° Mashariki, Manila iko 14.6° Kaskazini na 121.0° Mashariki. Tafuta umbali kwa uzi kwanza, halafu kwa kanuni ya kosini. Kosa la uzi wako ni asilimia ngapi?

2. Katika swali la kwanza, tumia kanuni mbovu niliyoitumia mimi. Je, kosa lake ni kubwa au dogo kuliko lile la Delhi na Tokyo? Eleza kwa kutazama kosini za latitudo.

3. Ndege za propela za miaka ya 1950 zilikwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Rudia hesabu ya kwenda na kurudi kwa njia ya kilomita 6,300 na upepo wa 120. Mwalimu awaachie wanafunzi wakadirie jibu kabla ya kulihesabu.

4. Abiria anaondoka Tokyo saa 11:00, na ndege yake inafika Delhi baada ya muda wa saa 9 na dakika 10. Delhi ni saa ngapi? Na Mwanza je, kwa Kiswahili?

Anayejibu swali la kwanza kwa uzi peke yake, akaonyesha kipenyo cha tufe na urefu wa uzi, apewe alama zote.